Meno ya Mama Yake Chen

Mwaka ule wa 1953, benchi la kahawa pale Murongo lilikuwa mkabala na karakana ya useremala ya Kashaija na mshirika wake Chen, Mchina aliyetokea Unguja. Miaka saba walikuwa wamepiga randa pamoja. Kesho yake Chen angepanda lori la Bukoba, aende kwao Unguja kwa mara ya kwanza tangu aje, na Kashaija hakutaka mwenzake aondoke mikono mitupu. Kosa lake ni kulitaja jambo hilo benchini, maana benchi lile halikukosa majibu hata siku moja.

— Mpe senene, panzi wetu wa kukaanga, alisema Bama, askari wa zamani aliyepewa jina la Burma alikopigana. Wachina nimewaona kwa macho haya. Debe zima! Ukoo wote utakupigia magoti.

— Senene wataozea njiani, alidakia Sheria, karani mstaafu wa baraza. Mpe ng'ombe wa pembe ndefu. Kwao heshima hupimwa kwa pembe.

— Nani kakwambia?

— Mficha uchi hazai!

— Sasa ng'ombe atapanda lori?

— Haraka haraka haina baraka. Atembee naye.

— Hadi Unguja? Na bahari je?

— Kwani ng'ombe haogelei, bwana?

Kashaija alicheka nao. Moyoni alikwishakata shauri: kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni wa heshima. Mama yake mwenyewe ndiye aliyeichemsha na kuikausha. Na mara bibi huyo akatokea, mkono mmoja furushi la majani makavu ya mgomba, mkono wa pili kinu kidogo. Kinu hicho alichongewa na Chen, siku alipomwona hana meno na kahawa yake imemshinda kutafuna. Hakuna aliyemwagiza.

— Shikamoo mama!

— Marahaba, wanangu. Kashaija, kahawa yako hii. Mama yake Chen ana meno, au nimtwangie kabisa?

Bama alichungulia kikombe chake. Sheria naye akasogea kumpisha bibi benchini.

— Sijui, mama, alisema Kashaija.

— Lakini yu hai?

Kashaija aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Mwaka juzi Chen alipata barua kutoka kwao, akafunga karakana siku tatu, kama mtu aliyefiwa. Siku ya nne Kashaija alimgombeza mbele za watu kwa kuchelewesha milango ya kanisa. Chen aliomba radhi, akashika randa. Barua ilisema nini, Kashaija hakuuliza.