Trekta Dogo Lililooshwa Mara Saba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokuja na viatu safi, asifiwe na sisi tulioacha mabuti ya mpira pale nje kwa ajili ya tope! Mimi si msemaji. Shule niliiacha kidato cha pili. Lakini leo nimeomba nafasi, maana nikinyamaza nitakuwa nimekula wema wa Mungu peke yangu.

Wengi mnanijua kama Dada wa Nguruwe. Baba yetu alikuja Fukayosi kutoka bara, akapata kiwanja cha bondeni, mahali ambapo kila mwenyeji alijua maji hukaa. Mama akafuga nguruwe. Baba akafariki, na kabla hatujazoea, Mama naye akatutoka. Tukabaki wanne: mimi mkubwa wao, Yona, Eliya, na Subira ambaye alikuwa hajaanza darasa la kwanza.

Matanga yalipokwisha, ndugu wa Baba walikaa kikao. Hawakuwa watu wabaya. Waliona msichana mmoja na watoto watatu, wakapanga kama walivyojua: Yona kwa shangazi Dodoma, Eliya Songea, Subira kwa baba mdogo Morogoro. Nikapiga magoti mbele yao.

"Baba mdogo, usitugawe. Nguruwe wa Mama watatulisha."

Alinitazama kwa huruma. "Masika yanakuja, mwanangu. Yakiisha nitarudi. Nikikuta shamba limesimama, mtakaa pamoja. Nikikuta limekufa, nawachukua, na usinilaumu."

Ndugu zangu, masika yakaja! Mvua ilinyesha kama aliyekuwa juu hana kazi nyingine. Bonde lote likawa uji. Lori la pumba kutoka Msata lilishusha magunia barabarani na kuondoka, dereva hakutaka hata kuitazama njia yetu. Tulibeba kichwani, tukaanguka, pumba zikamwagika, tukarudi kubeba tena. Nguruwe walisimama topeni mpaka tumboni. Yule jike mkubwa ambaye Mama alimwita Malkia alikuwa amezaa, na kila asubuhi nilikwenda bandani nikiogopa kukuta vitoto vyake vimezama.

Na uchafu ule haukukaa kwetu. Ulianza kuteremka kuelekea mpunga wa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa chini. Huyu ni mama Mwislamu, mjane, na wazee wake wamezikwa kijijini hapa kabla babu yangu hajasikia jina la Bagamoyo. Fikirini! Najisi ya nguruwe inaingia katika chakula chake.

Niliomba. Niliomba kwa kulia, tena nilimtajia Mungu kitu chenyewe: "Bwana, nipe trekta kubwa!" Na trekta kubwa likaja, ndugu zangu. Mpendwa mmoja alituletea kwa upendo, bila kudai kitu. Liliingia likinguruma, watoto wakashangilia. Lilipofika langoni, magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakachimba, yakazama hadi chuma cha katikati. Dereva akashuka, akavua kofia. Likakaa pale limeziba lango kama nyumba.

Subira akanivuta kanga. "Dada, sasa Baba mdogo akija atapita wapi?"

Nilimshika mkono, tukarudi ndani.

Asubuhi iliyofuata nilimwona Bi Mwanahawa anakuja, amefunga kanga juu ya mabuti. Nilijua kinachomleta. Nikajiandaa kutukanwa, na moyoni nikasema ana haki.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Nani kaleta dubwana hili hapa?"

"Ni mimi, Bibi. Niliomba msaada."

"Hili la kulimia Wami huko, kwenye nchi kavu." Akanyoosha shingo kutazama bandani. "Na hawa wanyama wako watakufa. Wakifa, watateremka kwangu wakiwa mizoga. Nisikilize, mwanangu. Nguruwe wako siwagusi, na banda lako siingii. Lakini nina pawatila ya mpungani, ina magurudumu ya chuma. Tope ndiyo kazi yake. Nitakufundisha, wewe utaendesha."

Pawatila mnaijua: lile trekta dogo ambalo mtu hutembea nyuma yake ameshika mikono miwili. Nilidhani sikusikia vizuri. "Bibi, utaitumiaje tena baada ya nguruwe?"

"Utaniosha mara saba, moja kwa udongo safi. Si mimi, mashine! Ndivyo tulivyofundishwa. Unakubali?"

Nilikubali huku nalia.

Alipoipitisha barabarani, vijana wawili waliokaa kwenye kibanda cha duka walipiga kelele. "Bi Mwanahawa! Mashine ya mpunga unaipeleka kwa kitimoto?"

Hakupunguza hata mwendo. "Najisi naijua inavyotolewa. Roho mbaya yenu ndiyo sijui niimwagie maji gani!"

Ndugu zangu, laiti mngeiona mashine ile! Ni ndogo, injini yake unaweza kuikumbatia. Lakini ilipokanyaga tope haikuzama. Vile vyuma vya magurudumu vilishika, vikasukuma, vikashika tena, polepole, bila hasira. Ilipita kando ya lile trekta kubwa, mahali ambapo hata punda angekataa, ikaingia uani. Watu waliokuja kucheka wakasogea karibu kutazama.

Alikuwa amenikabidhi pale langoni; mimi nahangaika nayo, na Bi Mwanahawa amesimama juu ya kichuguu akinifokea. "Usishindane nayo! Unaishika kama umekamata mwizi! Legeza mikono, iachie yenyewe itafute njia!"

Nikalegeza. Ikatafuta njia.

Kwanza tulichimba mfereji kwa jembe la pawatila, maji yakageuka kuelekea vichakani, mbali na mpunga. Kisha nikang'oa mlango wa mbao wa jiko la Mama, tukaufunga nyuma kwa mnyororo, tukauburuta juu ya tope kama mtumbwi. Magunia yote ya pumba yalifika kwa mlango ule. Nguruwe wengine tuliwaswaga hadi kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Malkia akagoma. Tulimsukuma, tukamvuta, akalala.

"Mchukue watoto wake!" Bi Mwanahawa akapaza sauti. "Mama gani hatafuata?"

Tukaweka vitoto ndani ya tenga juu ya mlango, nikatia gia nikaondoka. Vikapiga kelele. Ndugu zangu, Malkia aliinuka katika tope lile kama mtu aliyeitwa jina! Alikimbia nyuma ya pawatila akiguna, tope likiruka, Yona na Eliya wakimpisha, hadi kwenye nchi kavu. Hata Bi Mwanahawa alishika mdomo kwa kanga akacheka.

Na mimi nilisimama palepale nikakumbuka kwamba nasi tulikuwa watoto tuliokaribia kupelekwa huku na huku, na Mama hayupo wa kukimbia nyuma yetu. Lakini Mungu alikuwepo. Alikuja na mabuti ya mpira na kanga.

Tulipomaliza tukaiosha. Maji tulichota kisima cha juu. Yeye alisimama pembeni anahesabu. Mara ya tano Subira akamwambia, "Bibi, si imeshang'aa?"

"Nimesema saba, mjukuu wangu. Hii haioshwi kwa macho."

Tukaosha saba, na udongo safi ndani yake. Wale vijana wa kibandani walikuwa wanatazama. Mmoja wao akaja akachukua ndoo mkononi mwangu, akaenda kuchota maji ya mwisho.

Jua lilipowaka baba mdogo alirudi. Trekta kubwa lilikuwa limekwisha kutolewa, lango liko wazi. Alikuja na begi tupu la kutilia nguo za Subira. Alizunguka mabanda mapya tuliyojenga mwinukoni, akamtazama Malkia na watoto wake, akatazama mfereji. Aliingia ndani, akaliweka begi chini ya kitanda cha Subira, akaomba chakula. Begi lile liko palepale hadi leo, Subira anawekea daftari zake.

Ndugu zangu, sasa tunayo pawatila yetu wenyewe. Majirani wa Fukayosi, na hata wa Zinga, wanakuja kuiazima kwa mpunga wao. Haitoki langoni kwetu kabla haijaoshwa mara saba, hata kama aliyekuja hajaomba. Subira ndiye anayehesabu, kwa sauti, barabara yote isikie.

Kama uko hapa na umezama, mwite Bwana! Mwombe, lakini usimpangie atume nini, wala amtume nani. Mimi niliomba kikubwa, kikazama langoni. Yeye akatuma kidogo, kutoka nyumba ambayo sikuthubutu kuibishia hodi, na leo sisi wanne tunalala chini ya paa moja. Mtegemeeni! Na mkitoka hapa, aliye na njia ya kupita kwa Bi Mwanahawa, anipelekee salamu zangu. Mwambieni mpunga wake nimeuona, umestawi.