Ripoti ya Nguzo Iliyopinda

Benchi la Haru muuza chai, mbele ya lango la pili la chuo cha uhandisi pale Haora, India, lina upande mzuri na upande mbaya. Upande mzuri umeegemea ukuta. Upande mbaya unayumba, na mvua ikinyesha paa linauvujia. Miaka yote Nontu, mhandisi mstaafu wa mifereji, amewaachia upande mzuri Potla wa madaraja na Ghotai wa umeme, waliosoma naye humo ndani. Yeye hukaa katikati. Upande mbaya ulikuwa wa mwenzao Bhombol, aliyefariki kabla ya mvua za mwaka huu. Sababu ya ukarimu huo Nontu hajamwambia mtu. Mwaka wa pili chuoni alifeli, akafunga sanduku arudi kwao. Alipopita bwaloni akasoma, kwenye gazeti la ukutani la wanafunzi, makala fupi iitwayo "Ripoti ya Nguzo Iliyopinda". Akarudi chumbani, akafungua sanduku. Makala haikuwa na jina. Potla anasema ni yake, Ghotai naye anasema ni yake, na Nontu anachotaka ni kumjua wa kumshukuru tu, kabla hawajaisha wote.

Asubuhi hiyo ubishi ulianza hata chai haijapoa.

— Gazeti lile nililianzisha mimi, alisema Potla. Wewe Ghotai hata kalamu ya wino ulikuwa hujui kuishika.

— Nisijue vipi, na mwalimu wa michoro alitunyoosha wote tukawa na mwandiko mmoja? Ndiyo maana wakubwa wa chuo hawakutukamata. Herufi zangu, zako, nani angezitofautisha?

— Enzi hizo uhandisi ulikuwa uhandisi, bwana! Siku hizi mtoto anabonyeza kitufe, daraja hilo.

— Kweli kabisa. Na nilipoandika ile Ripoti...

— Ulipoandika nini? Usinichekeshe, chai itanipalia! Niliandika mimi. Nguzo iliyopinda ni serikali. Delhi walitetemeka.

— Delhi! Gazeti limebandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, mbuzi kala nusu yake kabla ya chakula cha mchana, Delhi wakalisomea wapi? Nguzo ni yule msimamizi wa bweni, na mguu wake mmoja mfupi.

— Mbuzi yule alitumwa.

— Na nani?

— Delhi.

Nontu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akautazama upande unaoyumba. Hapo Bhombol angekuwa hoi kwa kicheko. Alikuwa akisema siku zote: "Waandishi ni nyie, mimi mpika gundi tu."

Msichana mmoja alitoka langoni, akainama akawagusa miguu kwa heshima, mmoja mmoja. Jina lake Tuhina, mhariri wa jarida la wanafunzi.

— Wazee wangu, toleo letu la kumbukumbu linakwenda kuchapwa leo. Tumepata picha ya gazeti lenu la ukutani. Makala zote tumeshawapata wenyewe, imebaki hii moja. Nani aliiandika?

— Mimi! walisema Potla na Ghotai kwa pamoja.

Tuhina akaisoma kwa sauti:

— "Nguzo imekaguliwa. Imepinda, haijavunjika. Isibomolewe. Iwekewe tegemeo kwa msimu mmoja wa mvua, kisha ipimwe tena. Sisi wengine tulioshikilia paa hili tumepinda vilevile, ila tumepakwa chokaa."

Nontu aliweka kikombe chini.

— Samahani, aliendelea Tuhina. Nimeangalia ramani za bwalo la zamani. Halikuwa na nguzo hata moja, paa lilikaa juu ya kuta. Sasa hii ni nguzo gani?

— Serikali, alisema Potla, ila kwa sauti ndogo. Ghotai aliangalia ndani ya kikombe chake cha udongo.

Hawakujua. Aliyeiandika asingekosa kujua. Nontu akamkumbuka Bhombol siku ile mlangoni mwa bwalo, ndoo ya gundi mkononi, vidole vyeupe kwa unga, akimwuliza: "Sanduku zito hilo, nikusaidie kulirudisha?" Miaka yote alidhani ni wema wa mtu aliyekutwa pale tu.

— Andika Bhombol, alisema.

— Yule mpika gundi? Ghotai alishtuka.

— Nguzo ni mimi. Nilifeli, nikafunga sanduku. Kama mmoja wenu angekuwa ameiandika, angejua.

Kisha Potla, ambaye hajawahi kukubali kushindwa mbele ya watu, akamgeukia msichana.

— Bhombol ni la utani, jina lake kamili ni Debnarayan Shashmal. Liandike vizuri, binti.

Haru alitoa kichwa akasema chai imekwisha. Hakuna aliyeondoka. Nontu aliinuka, akaenda kukaa upande unaoyumba.

— Asante, ndugu yangu, alisema, na wote wakamsikia.