Chupa ya Tatu

Kwenye treni, mbele yangu, mpaka rangi alimlalamikia mama anayefundisha mazoezi ya viungo hospitalini. Bega linamuuma, kesho ana dari ya ukumbi mzima, na dawa ya kuchua ameshafika chupa ya tatu.

"Unachua mbele, kaka, mgomaji yuko nyuma. Kombe la bega, huo mfupa bapa mgongoni, huzunguka mkono ukipanda. Lako limelala."

"Dada, nimepaka dari miaka ishirini bila kujua kama lipo."

"Nalo limechoka kusubiri," mama akasema. Mimi nikakaa wima, kimyakimya.

Treni ikasimama. Yule mpaka rangi alipoinua mkono achukue ndoo yake juu, ukakwama katikati. Mama akalisukuma kombe kwa kiganja, mkono ukafika.

"Umeona?"

"Nimeona," akasema akishuka na ndoo. "Hii chupa ya tatu ni kiboko."