Mtu Asiiguse Bila Mimi

Twalha: Haloo? Nani mwenzangu?

Zamda: Zamda, nesi wa zahanati. Twalha, uko wapi?

Twalha: Aa, sista, shikamoo. Niko Ruaruke, harusi ya Saidy, si uliniruhusu mwenyewe jana? Ngoja nisogee, ngoma hizi —

Zamda: Marahaba. Usisogee, sikiliza. Habiba anatoka damu.

Twalha: Habiba yupi? Wa mjomba?

Zamda: Huyo huyo, binti wa mjomba wako. Uchungu wa kuzaa ulimwanza jana, sasa damu haikati. Mimi hapa nimefika mwisho, anatakiwa hospitali.

Twalha: Lahaula. Basi mpakieni kwenye boti ya wagonjwa, si Hemedy yupo —

Zamda: Boti iko topeni.

Twalha: Topeni vipi? Nimeiacha kwenye kina.

Zamda: Twalha, niko hapa gatini na mgonjwa, naiona kwa macho yangu. Imelala ubavu. Leo bamvua, maji yametoka yote. Wanaume wameisukuma mpaka wamechoka, haijatikisika.

Twalha: Huyo ni Hemedy. Mlinzi kazi yake nini? Kayaona maji yanatoka, si angeisogeza —

Zamda: Ulimkataza.

Twalha: Nani, mimi?

Zamda: Tangu alipovunja propela. Ulisema mbele za watu, mtu asiiguse boti bila wewe. Kaketi asubuhi yote anaangalia maji yanavyoikimbia, anakuogopa.

Twalha: Ile ilikuwa hasira tu. Mtu mzima hajiongezi? Yule mzembe, sista, usimtetee.

Zamda: Kwa nini uliifunga hapa ngazini?

Twalha: (mkwaruzo) Sikusikii, mtandao huku —

Zamda: Unanisikia.

Twalha: Nilikuwa nimeshavaa kanzu ya harusi. Ukiitia nanga kwenye kina, unarudi umelowa mpaka kifuani. Na boti ya abiria ilikuwa inaniita. Nikasema maji si yamejaa, Hemedy ataona mwenyewe.

Zamda: Ungemwambia.

Twalha: Ningemwambia.

Zamda: Na mimi ningekuuliza boti unamwachia nani. Nilikuruhusu tu, nikadhani mmepangana. Hilo langu, silikwepi. Haya, salio dogo. Mumewe Mohamedi na wenzake watambeba Habiba kwa kitanda mpaka mkondo mkubwa, kule mtumbwi unaelea. Watapiga kasia. Maji yakirudi baada ya adhuhuri, Hemedy awafuate na boti, awadake njiani. Anauliza, leo anaruhusiwa kuigusa?

Twalha: Haitawaka.

Zamda: Mashine anaijua, ulimfundisha mwenyewe.

Twalha: Sista... plagi ya mashine nilichomoa.

Zamda: Ulichomoa ukaiweka wapi?

Twalha: Ninayo hapa. Mfukoni, kwenye kanzu. Ili mtu asiiguse.

Zamda: Mfukoni, huko Ruaruke?

Twalha: Nisamehe, sista. Nachukua bodaboda sasa hivi, naileta —

Zamda: Bodaboda itavuka maji?

Twalha: Nimemuua Habiba. Mjomba nitamtazama kwa macho gani mimi?

Zamda: Yu hai, usimzike. Acha kulia, wapigie watu wa Mbwera. Mwenye boti yoyote, ya samaki, ya mkaa, aje awapokee njiani. Wewe wote unawajua. Hiyo ndiyo kazi yako sasa.

Twalha: Napiga. Napiga sasa hivi. Sista —

Zamda: Nini tena?

Twalha: Yale niliyosema juu ya Hemedy. Usimfikishie, tafadhali.

Zamda: Nimfikishie nini? Mikono yangu yote miwili iko tumboni kwa Habiba. Simu kaishika yeye, iko spika tangu mwanzo.

Twalha: Hemedy?

Hemedy: Nipo, kaka. Piga hizo simu, salio la sista linakwi —