Chupa Nane za Mama Tope

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, yule ambaye kifuniko nikikifunga mimi, lazima aitwe jirani mwenye misuli aje kukifungua. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu nina sauti kubwa. Nitasoma kama nilivyoandika. Aliyechapa kijitabu mlichoshika alinipigia simu mara mbili kuuliza kama aya za katikati zibaki. Nimemwambia zibaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957, alfajiri, katika hospitali iliyo nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa karani wa posta na mama yetu alishona sare za shule. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na mbele ya mlango ulipita mtaro. Mama alitusimulia mara nyingi kwamba dada akiwa na miaka minane hakupenda mayai, na siku moja akalificha yai lake, pamoja na gazeti alilolifungia, ndani ya chupa ya jamu iliyojaa tope la mtaroni. Chupa ikakaa dirishani nyuma ya pazia. Baada ya majuma kadhaa mama akaiona: tope limejichora mistari, kijani juu, waridi katikati, nyeusi chini. Mama akataka chupa yake. Dada akaikumbatia kifuani, akasema, "Mama, usiimwage, humu ndani kuna watu." Chupa ile haikurudi jikoni tena.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na soko kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1976. Ripoti yake ya kidato cha pili tunayo. Mwalimu wa sayansi aliandika, "Bidii nzuri sana. Aoshe mikono." Alihitimu shahada ya biolojia mwaka 1980, akafundisha sekondari kwa miaka mitatu, na mwaka 1990 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti wa vijidudu waishio kwenye tope la kinamasi. Baba alipoulizwa na wenzake wa posta binti yake amekuwa daktari wa nini, alijibu, "Wa tope," na akanyoosha shingo kabisa.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa maji, kule kwenye mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi mrefu: masinki mawili, darubini moja, friza moja, na dirisha lililotazama kinamasi. Kazi yake aliieleza hivi, hata kwa watoto: mbolea ya mashambani na maji machafu ya mjini yakiteremka na mto, wamo vijidudu kwenye tope wanaoivuta naitrojeni iliyozidi na kuigeuza kuwa hewa isiyo na madhara, kabla haijafika baharini ikaharibu maisha ya samaki. Kazi hiyo wanaifanya gizani, pasipo oksijeni. Ikiingia oksijeni, wanaiacha. Naomba mlishike hilo, kwa sababu litatuhusu sasa hivi. Wanafunzi wake, aliowatumbukiza topeni hadi magotini kila mwezi maji yalipokupwa, ndio waliompa jina la Mama Tope. Yeye alilipenda kuliko la Daktari.

Ndoa yake ilitokana na friza. Mwaka 1986 friza ya kituo ilikufa, akaitwa fundi wa majokofu. Fundi akafungua mlango, akakuta mifuko mia mbili ya tope, kila mmoja una tarehe. Akauliza, "Samahani mama, hiki ni chakula cha nani?" Dada alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Fundi alirudi wiki iliyofuata kuikagua friza, na wiki iliyofuata tena, na friza ilikuwa nzima kama ngoma. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Shemeji yangu huyu hapa mbele. Miaka thelathini na mitano aliishi na viatu vya mpira vinavyonuka mlangoni, na sijawahi kumsikia akinung'unika.

Sasa nafika mwaka 2000. Mwaka huo mimi nilikuwa nimeachishwa kazi, nimeachika, na dada alinichukua nikaishi kwake. Mwezi wa Agosti paa la kituo lilivuja juu ya meza moja, na juu ya meza hiyo zilikuwapo chupa nane za kahawia. Ndani yake kulikuwa na tope na maji ya kinamasi, kutoka upande wa kiwanda cha zamani cha matofali, zimezibwa hewa isiingie, zikae gizani siku sita ndipo zipimwe. Dada akazileta nyumbani, akaziweka kabatini chini ya ngazi. Akasema, "Jamani, kabati hili lisiguswe." Mimi nilikuwa bafuni, sikusikia.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikiwa peke yangu, niliamua kumfurahisha mwenye nyumba kwa kusafisha. Nikafungua kabati. Lo! Harufu ya yai bovu ikanipiga usoni. Leo najua ilikuwa ya viatu vyake vya mpira, vilivyokuwa humo humo kabatini. Lakini mimi nilizishuku chupa, nikafungua moja kunusa, na kweli ikanuka, nikajiambia mwizi nimemkamata. Nikazifungua zote nane. Nikazipanga dirishani zipigwe na upepo, nikazitikisa kidogo ili harufu itoke vizuri, nikazipangusa. Baada ya nusu saa nikazifunga, na kufunga kwangu mnakujua. Nikazirudisha kabatini, nikavitoa viatu nje, nikaona nimefanya jambo la maana.

Chupa zilipopimwa, vijidudu wa upande wa matofali walionekana hawafanyi kazi kabisa. Dada alisikitika, akaandika makala, ikatoka mwaka 2001: sehemu ile ya kinamasi haisafishi maji tena. Haukupita muda, kampuni moja ikaomba kukifukia kinamasi ijenge maghala. Novemba 2002 wananchi tuliitwa kwenye ukumbi wa halmashauri, na mimi nilikaa mstari wa tatu. Mhandisi wa kampuni aliinua makala ya dada juu kabisa, akasema, "Wataalamu wenyewe wanakiri pale pamekufa. Tunafukia maiti."

Marehemu alisimama. Nakumbuka alivaa blauzi ya bluu na alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alisema, "Makala hiyo ni yangu na si sahihi. Nimerudia kipimo mara sita mwaka huu na sijalipata jibu lile tena. Tope lile lina uhai kunishinda mimi. Oksijeni iliingia kwenye chupa zangu na sikujua. Kosa ni langu." Ukumbi ukapiga kelele. Kinamasi hakikufukiwa. Januari 2003 aliiondoa makala yake kwenye jarida, kwa barua ya mistari minne yenye jina lake peke yake. Ukuu wa idara, ambao kila mtu alijua ni wake, akapewa mwingine. Na tangu hapo, kila semina hakukosekana wa kumkumbusha zile chupa.

Alasiri ile ya ukumbini tulirudi nyumbani, nikawa napakua chakula. Dada alikuwa akimwambia mumewe, "Hewa imeingia, lakini imepitia wapi?" Hapo ndipo nikaelewa. Nikaendelea kupakua, nikampa shemeji sahani mbili. Niliogopa, ndugu zangu, sina neno zuri zaidi. Nilijiambia kesho nitasema, na kesho hiyo ikawa miaka ishirini.

Alistaafu mwaka 2017, akiwa amelea wanafunzi kumi na tisa wa shahada za juu, na aliendelea kuingia kwenye tope kila mwezi kwa miguu yake. Agosti 2022 alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakagundua saratani ya ini. Alitibiwa kwa miezi tisa. Wodini walimzoea kwa sababu aliwauliza wauguzi sinki linaoshwa na nini na mara ngapi, na hakuridhika na majibu.

Februari mwaka huu, asubuhi moja nikimmenyea chungwa, nilipiga moyo konde nikamwambia. Nilimwambia yote, kabati, harufu, dirisha, huku nalia na chungwa limenipasukia mkononi. Dada alilitwaa lile chungwa mkononi mwangu. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule niliposimama ukumbini, kama wiki mbili baadaye. Nilirudia daftari langu. Nilikuwa nimeandika: vifuniko vimekaza, vimefunguliwa kwa koleo, labda ni joto. Wewe, koleo! Chupa nane! Katika nyumba ile nani mwingine anafunga vitu kama anafunga jela?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata kwangu. Akasema, "Ningeandika nini kwenye jarida, kwamba mdogo wangu alisikia harufu? Chupa za kazi nilizileta nyumbani mimi. Na wewe wakati ule ulikuwa ukilia hata sabuni ikianguka. Ningekuvunja." Nikamwambia nataka kusema sasa, watu wajue. Alicheka, akajishika ubavu. "Sema, mdomo si unao? Ila subiri nife kwanza, nisije nikaulizwa maswali. Na kosa unalisahihisha palepale lilipoandikwa. Maneno machache, usitie chumvi."

Alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 17 Mei 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na mitano na miezi minane. Mumewe alikuwa amemshika mkono na binti yake alikuwa amefungua dirisha. Mumewe alikuwa akimsomea, kama kila siku, saa za maji kujaa na kupwa.

Ameacha mume, binti ambaye ni daktari wa mifugo, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu wa hesabu, wajukuu watatu, mdogo wa kiume, na mimi. Ameacha pia kinamasi kizima, upande wa matofali ukiwemo, na asubuhi hii maji yamepita humo yakatoka safi.

Ukurasa wa sita wa kijitabu mlichoshika una salamu za rambirambi kutoka kituo chake. Ni salamu nzuri, na mkurugenzi nakuona hapo, asante sana. Lakini mstari wa nne unasema alifanya kazi iliyotukuka, "licha ya uzembe wa kimaabara wa mwaka 2000." Nilipousoma nilivua miwani nikaiweka mezani. Basi, kwa kuwa limeandikwa hapa, nalisahihisha hapa.

Marekebisho, ukurasa wa sita, mstari wa nne. Chupa nane zilifunguliwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye hakuomba ruhusa na alinyamaza miaka ishirini. Marehemu alilijua hilo, akalibeba yeye. Uzembe haukuwa wake.

Pumzika sasa, dada yangu. Nimefungua.