Baba Yenu Hakuzaliwa

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti nimebakiwa nayo kidogo na sina nia ya kuimalizia kwenye kelele. Wewe mkubwa, funga huo mlango uzime na simu; anayekupigia mtaongea naye nikishakufa, muda mtakuwa nao tele. Binti yangu, kaa hapa miguuni. Na wewe mziwanda wangu, acha kusimama ukutani kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Hii ni nyumba yako, na hilo ndilo nililowaitia.

Tangu mama yenu afariki, kaka yenu huyu hakutulia kwa sababu ya sura ya mdogo wake. Mbona masikio yale, mbona hatufanani. Nikamwambia, mwanangu, kitanda hakizai haramu, na kitanda changu nakijua, nimekitengeneza mwenyewe. Wapi! Nilipolazwa tu, akabadilisha kufuli la karakana, akamtolea mdogo wake nguo na godoro nje, mvua ikavinyeshea, akasema asiye damu ya fundi makochi hatashika nyundo ya fundi makochi mpaka kipimo cha vinasaba kiseme. Nikasema haya, tupimwe, lakini wote watatu, maana siwezi kumvua nguo mtoto mmoja hadharani wenzake wakiwa wamevaa.

Wakaja watu wa maabara, wakatusugua ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba. Siku ya majibu, wewe mkubwa ulianza kusoma ukitabasamu, nikaliona tabasamu likikushuka mpaka shingoni. Mdogo wako si wangu. Dada yako si wangu. Na wewe mwenyewe, kifungua mimba, mwenye pua hii hii yangu, si wangu. Nyote baba mmoja mama mmoja, ila baba si mimi. Baba, walisema, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mwanangu, na wewe uliingia na familia nzima.

Sasa mimi ndugu sina. Bibi yenu alizaa mara moja tu, nami ndiye niliyetoka. Hilo halikukuzuia kumwita mama yako jina ambalo sitalitamka, mama aliyelala kaburini asiyeweza kukujibu. Liliniuma, na linaniuma sasa hivi ninapokutazama.

Yule daktari mwanamke wa maabara ndiye aliyeng'ang'ania. Alirudi akaomba anipime tena, si mdomoni tu, bali nywele, na ngozi ya tumbo, na ya mgongo. Aliponifungua shati akasogeza taa karibu. Mnaujua huu mstari wangu unaoshuka katikati ya tumbo, huku mweusi wa kukolea, huku maji ya kunde. Mlipokuwa wadogo mliupitisha vidole mkiuita barabara. Akachukua huku, akachukua na kule, akaenda zake. Aliporudi aliketi hapo ulipoketi, binti yangu, akasema, "Mzee, humo ndani mko wawili."

Tulikuwa mapacha, anasema. Mapema kabisa, kabla hata ya kuwa na mikono ya kusukumana, mmoja akaingia kwa mwenzake, wakashonana, akazaliwa mtoto mmoja. Mate haya ni yangu. Upande wa kushoto ni wake. Na mbegu iliyowazaa nyinyi, mmoja baada ya mwingine, ni yake. Nikamuuliza, "Daktari, nani alimmeza mwenzake?" Akakusanya vitu vyake. "Hilo halina kipimo, mzee."

Miaka yote nimepasua makochi ya watu nikatoa ndani vitana, pete, meno ya bandia, na siku moja panya mkavu na wanawe, nikiwacheka watu wanavyokalia wasivyovijua. Leo sicheki. Namkumbuka mama akinitandikia mito miwili, nikimuuliza ananiambia, "Lala tu, mwanangu." Namkumbuka mama yenu akinitikisa usingizini, "Mume wangu, ulikuwa unacheka, na kicheko kile si chako." Nilidhani ananitania. Lakini alilala kushoto kwangu maisha yake yote, hata tulipohama nyumba, na hakukubali kubadilisha.

Siku hizi nikiizuia pumzi, kifua cha upande ule kinaendelea kupanda na kushuka. Naogopa, wanangu. Nisiwafiche.

Nipeni maji... Basi. Sikieni ninayowaachia. Mama yenu hakutoka nje ya ndoa yake hata siku moja. Mkubwa, utakwenda kaburini kwake na wadogo zako, upige magoti, uombe radhi kwa sauti wakusikie. Nyumba isiuzwe, ni yenu watatu. Karakana, na cherehani kubwa, na nyundo zote, ni za mziwanda, kwa kuwa kazi anaiweza, si kwa ajili ya damu. Damu mmeona inavyotuchezea. Ufunguo mpe hapa hapa, nione. Mpe! Eeh. Na yule muuza mbao jirani, tuliyenuniana kwa ajili ya ukuta, mwambieni nimemsamehe, ila ukuta ni wetu. Kaburi langu lichimbwe pana kidogo. Mchimbaji akiwauliza, msimjibu.

Imebaki radhi. Nayo imenisumbua, maana radhi ya baba hutoka kwa baba, na kwa kipimo mlichokitaka mimi ni baba yenu mkubwa, au mdogo, hata hilo silijui. Mkono wangu wa kulia umelala tangu kiharusi, na mguu, na jicho hili haliwaoni tena. Upande wangu umeshatangulia. Aliyebaki macho ni yeye.

Inameni. Msione vibaya kwamba ni mkono wa kushoto. Anza wewe mkubwa, wewe ndiye uliyemtafuta. Mungu awaweke pamoja... awape kazi za mikono yenu... asiwatenganishe mtu... radhi zetu ziwe juu yenu, sote wawili...

Binti yangu, niambie, maana sioni vizuri. Mkono umefika kichwani kwa kaka yako? Unampapasa?

Tulieni hivyo hivyo, wanangu. Siuinui mimi.