Shanga za Pelagia Zilizozunguka Dunia

Leo ni Jumamosi, tarehe 22 Februari, mwaka 2025. Mvua imenyesha Tabora tangu alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kisha jua likatoka. Nilipokuwa nakuja studio, barabara ya Kanyenye ilijaa madimbwi, na watu wazima kwenye baiskeli walikuwa wameinua miguu yote miwili juu kama watoto. Tumshukuru Mungu kwa mvua, na kwa jua pia.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Emilian Masele, fundi wa manyanga. Alifariki tarehe 30 Januari, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Alizaliwa Kanyenye, akaishi Kanyenye, na Mungu akamchukua akiwa nyumbani kwake, Kanyenye.

Nimekaa hapa na watu watatu. Mjane wake, Mama Pelagia. Binti yake, Julieth. Na mdogo wa marehemu, Mzee Deus. Wiki tatu hizi familia hii imekuwa na swali moja zito. Jikoni kwa marehemu vinaning'inia vibuyu vinane, ambavyo ni jozi nne za manyanga. Havijakatwa. Je, vikatwe, au vivunjwe? Nitawaeleza swali hili limetoka wapi.

Manyanga ni vibuyu viwili vidogo vyenye mipini. Ndani mna mbegu ngumu, na ukitikisa vinalia. Mzee Emilian alivitundika juu ya moto wa jikoni, vikala moshi msimu mzima, ndipo akavikata. Hakuwahi kuharakisha kibuyu. "Kibuyu kibichi kinakuaibisha mbele za watu," alikuwa akisema. Jumapili alipiga manyanga kwenye kwaya ya parokia. Alifanya hivyo kwa miaka arobaini.

Mimi nilimfahamu kwenye masomo ya jioni. Tulikaa dawati moja. Alianza kujifunza kuandika akiwa na miaka sitini na sita, na kabla ya kushika kalamu alifanya ishara ya msalaba. Mwalimu akamwambia, "Mzee, huu si mtihani." Akajibu, "Kwangu ni mtihani, mwalimu. Wewe endelea tu."

Sasa tuje mwaka 2023. Mwimbaji mashuhuri wa Kolombia, Rosalba Irigoyen, alikuwa anaanza ziara ya kimataifa. Miji tisa, miezi mitatu. Mji wa kwanza ulikuwa Dar es Salaam. Mpigaji wake wa manyanga, mwanamke anayeitwa Dolores, alitangulia kufika. Dukani Dar akatikisa jozi moja ya manyanga, akauliza nani kaitengeneza. Akaambiwa, Tabora. Akapanda treni pamoja na mkalimani, akaja.

Mama Pelagia anakumbuka siku ile. "Nilikuwa napepeta mchele. Akaingia mama mrefu, nywele nyingi, ananisalimia shikamoo wakati tunalingana umri. Nikaitikia marahaba, nifanyeje?"

Dolores alijaribu jozi sita. Ya saba akaitikisa, akaanza kucheza palepale uani, na kuku wakakimbia. Akasema, mzee, usiniuzie tu, twende wote. Wewe utatengeneza na mimi nitapiga.

Mzee Emilian akajibu, "Jumapili nina kwaya."

Mama Pelagia ndiye aliyemaliza ubishi. Alimwambia, "Mume wangu, Mungu yuko na huko. Nenda ukamsalimie."

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa. Mama Pelagia alishona mfuko wa kitambaa wa kubebea manyanga. Kamba ya kufungia mdomo akaiacha. Akachukua nyuzi tatu za shanga zake mwenyewe, shanga za kiunoni, akafunga nazo. Zilikuwa za bibi yake. Zililetwa Tabora na misafara ya zamani, vichwani mwa wapagazi, kutoka pwani. Babu wa Mzee Emilian alikuwa mmoja wa wapagazi hao.

"Nilimwambia, kila ukifungua mfuko utanikumbuka," Mama Pelagia anasema, na hapa studio anacheka hadi anajifuta macho. "Sikujua atazifanyia nini."

Mji wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu vizuri. Mji wa nne, uwanja wa ndege, ofisa akatikisa manyanga, akauliza ndani mna nini. Mzee wetu akajibu kwa fahari ya fundi, "Mbegu. Na ni mbegu nzuri sana. Ukizipanda zinaota."

Sheria ya nchi ile hairuhusu mbegu za nje kuingia. Ofisa alikuwa mtu mpole, lakini sheria ni sheria. Mipini ikang'olewa na mbegu zikamwagwa zote. Mzee akarudishiwa vibuyu vitupu, na onyesho ni jioni ileile.

Walijaribu mchele, sauti ikawa kama ya mtu anayenong'ona. Wakajaribu vifungo vya mashati, sauti ikawa ya bati. Mzee akaenda kwenye kona ya ukumbi, akasali. Kisha akaanza kufungua nyuzi za shanga.

Tunajua hayo kwa sababu aliandika barua. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake. Mama Pelagia aliniletea nimsomee. Nilisoma hivi:

"Pelagia mke wangu. Nisamehe. Shanga zako nimezikata. Zimo ndani ya vibuyu. Zinalia kama mvua inayoanza kwenye majani. Watu elfu sita wamezicheza. Sikumwambia mtu zilikuwa zinavaliwa wapi."

Nilisoma mstari ule wa mwisho mara mbili, kwa sababu mwenye barua aliomba.

Rosalba alipoisikia sauti ile alisimamisha mazoezi. Aliomba manyanga yote yawe hivyo. Kuanzia mji wa nne hadi wa tisa, shanga za Pelagia ndizo zilizolia. Miji sita. Mzee akarudi Tabora mwezi wa nane, na Jumapili ya kwanza alikuwa kwenye kiti chake kwayani.

Alirudi na jambo jingine. Katika ukoo wa Masele, mwanamke hakushika kisu cha manyanga. Julieth alimwomba baba yake amfundishe tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Jibu lilikuwa hapana, miaka ishirini na mitatu. Lakini kwenye ziara Mzee alimwona Dolores akipiga, jioni baada ya jioni. Aliniambia, "Nimekaa na mwanamke anayejua manyanga kuliko mimi. Na nyumbani nina mwingine, nimemkalisha na ufagio."

Julieth anasema, "Alinipa kisu Jumatatu. Hakuhutubia. Alisema tu, mama, kata taratibu, usijikate."

Wakaanza kwenda pamoja Mtendeni kununua shanga kwa Bi Batuli. Bi Batuli amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema, "Mzee Emilian alisimama dukani kwangu, anatikisa shanga sikioni. Nikamwuliza, mzee, hizi za shemeji Pelagia au umepata mambo mengine huko Ulaya? Akasema, Batuli, nyamaza, nasikiliza. Mwenyezi Mungu amrehemu. Duka limepoa."

Mwaka jana Rosalba akaagiza jozi kumi na mbili kwa ziara mpya, inayoanza mwezi wa sita mwaka huu. Safari hii akawaalika baba na binti wote wawili. Walimaliza jozi nane. Mzee akaugua, akatutoka. Zikabaki nne.

Na mila ya ukoo ni hii: fundi akifa, vibuyu alivyoacha bila kukatwa huvunjwa. Mzee Deus ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alisimamia mila. Hakuwa na chuki. Aliniambia, "Mimi nimeikuta hivyo. Nikiacha, nitawaambia nini walionitangulia?"

Alhamisi familia ilikaa kikao. Mzee Deus akainuka kwenda jikoni kuvishusha. Mama Pelagia hakunyanyuka kwenye mkeka. Alisema, "Shemeji, subiri. Vibuyu ni vya kaka yako, nakubali. Lakini sauti ni ya shanga zangu. Kwa hiyo nusu ni mali yangu. Wewe vunja nusu yako, uniachie yangu inayolia."

Mzee Deus akasimama mlangoni. Akasema, "Shemeji, nusu ya kibuyu inavunjwaje?"

"Ndiyo uniambie wewe, mwenye mila."

Kikao kizima kikacheka, na Mzee Deus akacheka kuliko wote. Akaketi chini. Akasema vibuyu vitakatwa, na Julieth ndiye atakayevikata. Ila akatoa sharti moja: binti aahidi kwa sauti, redioni, Tabora yote isikie.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hatujamsikia, natoa pole. Pole Mama Pelagia. Pole Julieth. Pole Mzee Deus, na kwaya yetu yote ya parokia. Bwana alitupa Emilian, na tunamshukuru. Nanyi mlioko nyumbani, jioni ya leo mtazameni mtu aliyewaomba kitu kwa miaka mingi mkamwambia hapana. Ombeni, kisha mfikirie upya. Mzee Emilian alibadilika akiwa na miaka sabini.

Julieth, sogea karibu na kipaza sauti. Mama yako yuko hapa. Baba yako mdogo yuko hapa. Sema.

"Mimi Julieth Emilian Masele, mbele ya mama, mbele ya baba mdogo, na mbele yenu nyote mnaosikiliza, naahidi. Nitakata vibuyu vinane vya baba, taratibu, bila kuharakisha. Nitavijaza shanga, nitasafiri navyo. Ofisa yeyote akiniuliza ndani mna nini, nitamwambia ni shanga za mama yangu. Na Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, nitakaa kwenye kiti cha baba, nipige."